Sura ya Nne: Kuchagua Kamera kwa Ila Zake

Mtu aliyekwisha kuandika mswada wake, akaupitia mara kwa mara mpaka akauridhia, kisha akahesabu fedha alizo nazo na kuziona kuwa ni haba, hufikwa na jambo ambalo aghalabu humpotezea muda kuliko jingine lolote katika kazi yake, nalo ni kuuliza kamera ipi iliyo bora. Huuliza madukani, huuliza kwa wenziwe waliomtangulia, husoma kila lililoandikwa juu ya kamera mpya zitolewazo mwaka hata mwaka, na kila anapokaribia kukata shauri hutokea nyingine yenye sifa zaidi, akarudi kuanza upya. Tabu hiyo yatokana na swali lenyewe, ambalo halikuulizwa barabara. Mwenye fedha nyingi huweza kuitafuta sifa popote ilipo na kuilipia. Mwenye fedha chache, kila kamera atakayoimudu itakuwa na ila, na hakuna bidii ya kutafuta itakayomwepusha na hilo. Kwa hiyo linalompasa ni kuzijua ila za kila moja kabla ya kuzisikiliza sifa zake, kisha kuichagua ile ambayo ila yake hadithi yake inaweza kuichukua bila ya kudhurika, au, akijaliwa, hata kunufaika nayo. Hilo ndilo neno ninalotaka kulieleza katika sura hii, nami nalisema kwa yakini, kwa kuwa filamu zilizofaulu kwa kamera rahisi zote zalishuhudia.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya zama za dijitali, ili ijulikane ni mzigo gani tulioondolewa na ni upi tuliobakishiwa. Katika siku za utepe, kilichomfilisi mtengenezaji maskini hakikuwa kamera, ambayo angeweza kuiazima au kuikodi, bali utepe wenyewe, kwani gombo la futi 400 la utepe wa milimita 16 lilikwisha kwa dakika 11 hivi, na kila futi ilikuwa sharti inunuliwe, isafishwe kwa dawa na kuchapwa, kabla ya mtu kujua kama alichokipiga chafaa au hakifai. Robert Rodriguez alipotengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, kwa dola 7,000 hivi, aliazima kamera, na matukio mengi akayapiga mara moja tu, bila ya kurudia, kwa kuchelea utepe usimwishie mkononi. Zilipokuja kamera za video ya dijitali, yaani DV, mwaka 1995, ambazo kanda yake ndogo iliweza kuhifadhi saa nzima ya picha kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida, mzigo huo ulitoweka: mwigizaji aliweza kurudia mara kumi, na mwongozaji aliweza kukosea na kujifunza. Lakini kila auni huja na masharti yake, na masharti ya DV yalikuwa ni picha yenyewe.

Picha hiyo, kwa kipimo kilichotumika Ulaya, ilikuwa na vitone 720 kwa upana na 576 kwa kimo, basi. Mahali penye nuru kali paliungua pakawa peupe pasipo umbo, na penye giza palijaa chengachenga. Thomas Vinterberg wa Denmark aliyajua hayo yote alipotengeneza Festen, iliyotoka mwaka 1998, kwa kamera ndogo ya Sony ya aina ile ambayo watu wa kawaida hununua ili kupigia harusi na watoto wao. Hadithi yake ilikuwa ni ya jamaa waliokusanyika kusherehekea mwaka wa 60 wa kuzaliwa kwa baba, na mwana mmoja akasimama mezani kuifichua dhuluma aliyotendewa na baba huyo utotoni. Ingepigwa kwa kamera ya thamani, iliyotulia juu ya mguu wake na kuzungukwa na taa, mtazamaji angekaa mbali akiangalia. Kwa picha ile hafifu, inayotikisika mikononi na inayofanana na kanda za nyumbani, mtazamaji alijiona kuwa ni mmoja wa wageni waliokaa pale wakaona haya kunyanyua vijiko vyao. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Waamuzi katika tamasha la Cannes mwaka ule ule.

Mpigapicha wa Festen, Anthony Dod Mantle, ndiye aliyeitwa na mwongozaji Danny Boyle kupiga 28 Days Later, iliyotoka Uingereza mwaka 2002. Hadithi yao ilitaka jambo zito, nalo ni jiji la London likiwa tupu, bila ya mtu wala gari, na watawala wa jiji hawakuweza kuwafungia barabara ila kwa dakika chache alfajiri. Kamera kubwa ya utepe, hata kama fedha ingalipatikana, ingalichukua saa nzima kuwekwa tayari. Kamera za Canon XL1, zilizo nyepesi na rahisi, waliweza kuzitega kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na pembe yake, wakapata katika dakika hizo walichokitaka. Ila ya kamera hiyo ilionekana wazi katika picha za mbali, ambamo madirisha na matofali yalivurugika yakawa kama rangi iliyomwagikiwa na maji, lakini hadithi ya ulimwengu ulioharibika iliichukua ila hiyo ikaifanya kuwa ni sehemu ya uharibifu. Nao wakajua pia mahali isipofaa: sehemu ya mwisho, ambamo matumaini yanarejea, waliipiga kwa utepe wa milimita 35, na mtazamaji, hata asiyejua lolote mintarafu ya kamera, huhisi kwamba pazia limeondoka machoni pake.

Miaka kadhaa baadaye Sean Baker alitengeneza Tangerine, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2015, kwa dola 100,000 hivi, akitumia simu za iPhone 5s. Simu hupiga picha mbaya gizani, na lenzi yake haibadilishwi; lakini hadithi yenyewe ilienda barabarani, katika jua la Los Angeles, na wahusika wake wakuu walikuwa waigizaji wageni wa kazi hiyo, ambao wangaliweza kutishwa na chombo kikubwa na ambao hawakutishwa na simu iliyo mkononi mwa kila mtu. Juu ya lenzi hiyo ndogo Baker alivika lenzi ya ziada iliyoipanua picha ikawa na upana wa sinema. Na jambo ambalo wengi walioisifu filamu hii hawakulitaja, ilhali ndilo la kuzingatiwa zaidi, ni kwamba sauti haikunaswa kwa simu. Ilinaswa na fundi wa sauti kwa vyombo vyake vilivyo kamili.

Tukiyaweka mambo haya matatu pamoja, twaona kwamba hakuna hata mmoja miongoni mwa watu hawa aliyechagua kamera kwa kuwa ilikuwa bora sokoni, wala kwa kuwa ilikuwa rahisi tu. Kila mmoja aliijua ila yake akaipa mahali katika hadithi. Basi sasa na tuzitazame ila hizo moja moja, kama zinavyomkabili mtengenezaji wa filamu wa leo, hasa yule anayefanya kazi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako jua, bahari na umeme vina tabia zake.

Ya kwanza ni upana wa nuru, yaani uwezo wa kamera kuona kwa wakati mmoja palipo na mwanga mkali na palipo na kivuli. Katika vichochoro vya Unguja au Lamu, ambamo ukuta mmoja uliopakwa chokaa hupigwa na jua la adhuhuri na wa pili umezama kivulini, kamera yenye upana mdogo hulazimika kuupoteza upande mmoja. Na ikiachiwa ijipime yenyewe, itauona weupe wa ukuta, itapunguza nuru, na uso wa mwigizaji mweusi aliyesimama mbele yake utakuwa ni giza lisilo na macho wala mashavu. Kosa hilo limeharibu filamu nyingi za kwetu, nalo ni la kusikitisha kwa kuwa nyuso za watu wetu ndizo tulizokusudia kuzionyesha. Mwenye kamera ya namna hii asikate tamaa. Ahamishe matukio yake ya nje kwenye asubuhi na alasiri ya mwisho, awasimamishe watu wake kivulini na nyuma yao pawe na kivuli, na apime nuru kwa uso, si kwa ukuta. Lakini kama hadithi yake yote imo juani saa sita, kwa mfano hadithi ya wavuvi waliopotea baharini, basi hapa ndipo penye kulipia, na senti ya mwisho iende kwenye upana wa nuru.

Ya pili ni rangi. Kamera nyingi za bei ndogo huandika kila rangi kwa ngazi 256, na zilizo juu yake kidogo huandika kwa ngazi 1,024. Tofauti hiyo haionekani picha inapotazamwa mara ile inapopigwa. Huonekana wakati mhariri anapojaribu kuibadili rangi, ambapo mbingu ya magharibi, iliyokuwa ikififia polepole, hukatika ikawa mistari mistari. Basi mwenye kamera ya ngazi 256 na apige picha yake karibu kabisa na vile anavyotaka ionekane mwisho, asiiache iliyofifia kwa kutumaini kwamba kompyuta itamrekebishia. Na anayetaka kuigeuza mchana ikawa usiku katika uhariri, huyo hana budi kutafuta kamera ya ngazi nyingi.

Ya tatu ni mwendo. Katika kamera nyingi za leo, kihisi nuru husomwa mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, na kikisomwa polepole, minazi inayopita dirishani mwa gari liendalo kasi huonekana imelala upande, na kamera ikigeuzwa ghafula, nyumba nzima hupinda. Hadithi ya kufukuzana kwa pikipiki haiwezi kuichukua ila hiyo, ilhali hadithi ya ndugu wanne wanaogombea mirathi sebuleni yaweza kuichukua mpaka mwisho bila ya mtu yeyote kuitambua.

Ya nne wengi huisahau, nayo ni umeme. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda huenda kwa mizunguko 50 katika kila sekunde, ilhali wa Marekani ni 60, na taa za mirija pamoja na nyingi za LED zilizo rahisi huwaka na kufifia kwa kuufuata mzunguko huo, kwa kasi ambayo jicho haliioni na kamera huiona. Anayepiga fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ikipokea nuru kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, hapatwi na lolote. Anayepiga kwa mpango wa Kimarekani, fremu 30, na muda wa nuru uliofungamana nao, ataona mawimbi ya kivuli yakipanda na kushuka ukutani, na hakuna mhariri atakayeyaondoa kwa sahali. Canon EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyotoka mwaka 2008 na kuwafungulia mlango maelfu ya watengenezaji wa filamu duniani kwa kuwapa kihisi kikubwa kwa bei ndogo, ilianza kwa fremu 30 peke yake, na ikapewa 24 na 25 mwaka 2010 baada ya programu yake kubadilishwa. Kwa hiyo mtu akinunua kamera iliyotumika, hasa iliyotoka ng'ambo, swali hili aliulize kabla ya kutoa fedha.

Ya tano ni sauti, na hapa yanipasa niseme kwa mkazo zaidi. Mtazamaji huisamehe picha yenye chengachenga, na kama hadithi imemshika huisahau kabisa. Maneno asiyoyasikia hayasamehi, bali huinuka akaenda zake. Kamera nyingi ndogo hazina mahali pa kuchomeka kipaza sauti cha kitaalamu, na hata zilizo napo huongeza mvumo wa kwao wenyewe. Ila hii ni nyepesi kuliko zote kwa sababu dawa yake iko nje ya kamera: kinasa sauti cha pembeni, kipaza sauti kizuri juu ya mti mrefu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Yeyote anayelazimika kuchagua baina ya kamera bora na fundi wa sauti, na amchukue fundi wa sauti, wala asiwaze mara mbili.

Ya sita ni mwili wa kamera na lenzi zake. Kamera ndogo iliyofungika pande zote hupata joto ikipiga kwa muda mrefu, na katika jua la Mombasa au Muscat yaweza kujizima katikati ya maneno ya mwigizaji. Nyingine zina kikomo cha muda: 5D Mark II ilikuwa ikikata kila baada ya dakika 12 hivi, na nyingi zilizofuata zilikomea chini ya dakika 30, kwa kuwa ushuru wa forodha wa Ulaya ulizihesabu zinazozidi hapo kuwa ni kamera za video. Lenzi, kwa upande wake, hudumu kuliko kamera, na kamera zisizo na kioo cha ndani zina faida kubwa kwa mtu maskini, kwani nafasi baina ya mdomo wake na kihisi ni fupi, na kwa adapta ya bei ndogo huweza kuvishwa lenzi za zamani, kama zile za Nikon zenye pete ya kuongozea nuru kwa mkono, ambazo hupatikana kwa fedha kidogo. Lakini anayekaa pwani na azichunguze kwanza kwa tochi, kwani unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo, na chumvi ya bahari hula vyuma; kisha azihifadhi katika sanduku kavu.

Ya saba, ambayo ni deni lisiloandikwa katika bei, ni hifadhi. Tuchukue filamu ya dakika 90, na mwongozaji mwenye kiasi anayepiga mara kumi ya urefu huo. Atakuwa na saa 15 za picha. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, yaani gigabaiti 675 kwa filamu nzima. Na kwa kuwa picha isiyo na nakala tatu haihesabiwi kuwa imehifadhiwa, zahitajika terabaiti mbili na zaidi. Kamera inayoandika megabiti 400, ambayo muuzaji ataisifu kwa uzuri wa picha yake, hujaza gigabaiti 180 kwa saa, na nakala zake tatu hupita terabaiti nane, fauka ya kompyuta yenye nguvu ya kuzifungua picha hizo. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, mtaa ulio Kampala, ambaye kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na filamu hiyo ikaja kujulikana dunia nzima, alilazimika kuifuta nakala ya asili ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala ya DVD. Kamera yake haikumwangusha, wala kipaji chake. Kilichokosekana ni diski. Kila ninapolikumbuka jambo hili naona uchungu, na ndiyo sababu nasema kwamba fedha ya diski itengwe kabla ya fedha ya kamera.

Baada ya ila hizi saba, yako mambo mawili ambayo husemwa kuwa ni ila ilhali sivyo. La kwanza ni kukosa 4K. Kipimo cha kawaida cha sinema za dijitali ni 2K, yenye vitone 2,048 kwa upana, na kamera ya Full HD ina 1,920. Tofauti hiyo hakuna aliyekaa ukumbini atakayeiona. Skyfall ya mwaka 2012, ambayo fedha haikuwa taabu yake, ilipigwa kwa kamera za ARRI Alexa ambazo hazikufika 3K. La pili ni kudhani kwamba kamera rahisi ni alama ya unyonge. The Creator ya mwaka 2023, iliyogharimu dola milioni 80 hivi, ilipigwa kwa Sony FX3, ambayo ilipotoka iliuzwa chini ya dola 4,000, kwa sababu ilikuwa nyepesi na iliona vizuri palipo na nuru kidogo, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyotakiwa na kazi ile.

Mtu akishapata kamera mbili au tatu ambazo ila zake zaelekea kuchukulika, asinunue. Akodi kila moja kwa siku moja, achukue mswada wake, achague tukio lenye giza kuliko yote, lenye jua kuliko yote, na lenye mwendo kuliko yote, akayapige na waigizaji wake hasa, mahali pake hasa. Aiache kamera ipige saa nzima bila ya kuzimwa, ajue kama itastahimili. Ahariri alichopata kwa kompyuta ile ile atakayoitumia, kisha akitazame kwenye kioo kikubwa kuliko vyote awezavyo kuvipata, pamoja na watu wasiojua kamera ni nini. Wao hawatamwambia chochote kuhusu vitone wala megabiti. Watamwambia kwamba uso haukuonekana, au kwamba hawakusikia, na hayo ndiyo majibu anayoyahitaji. Ikiwa upigaji wote utakwisha kwa majuma machache, na akodi; ikiwa utatawanyika mwaka mzima, Jumamosi na Jumapili, na anunue, hata iliyotumika.

Kisha, siku hiyo anapokata shauri, na aziandike ila za kamera yake katika karatasi moja, ampe mpigapicha, ampe msanifu wa mandhari, ampe mhariri, na yeye mwenyewe arudi kwenye mswada na kuyaandika upya matukio ambayo kamera hiyo haitayaweza. Tangu hapo asiende tena dukani wala asisome habari za kamera mpya, kwani zitakuja tu, na kila moja itasifiwa kuliko iliyotangulia. Fedha iliyobaki iende kwa waigizaji, chakula cha watu wanaofanya kazi, nauli zao na siku za ziada za mazoezi, kwa kuwa filamu nzuri zilizotoka katika ukata zilifika hapo kwa watu kuliko kwa vyombo, na mtengenezaji aliyezijua ila za kamera yake mapema huwa na nafasi ya kutosha moyoni ya kuwashughulikia watu hao.